Aliyepatikana na Atakayepatikana

Siku ya kwanza nilipomwona mkamwana wangu, aliniambia ninyamaze. Sikuwa mama mkwe wake wakati huo. Nilikuwa shahidi namba tatu wa upande wa mashtaka, nimevaa gauni nililolishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile, na yeye alikuwa mwendesha mashtaka wa miaka ishirini na sita mwenye joho lililompwaya mabegani. Mimi ni fundi cherehani. Kabla hajafungua mdomo nilishaona kwamba lile joho lilikatwa kwa ajili ya mwanaume mnene, nikamwonea huruma. Huruma yenyewe haikufika mbali.

Kesi ilikuwa ya jirani yangu, Fundi Redio. Duka lake na langu yanatazama baraza moja na yametenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, kiasi kwamba nikipiga chafya yeye ananiombea afya bila kuinua kichwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Siku moja mtu mrefu mwenye kofia alimletea vikuza sauti viwili vitengenezwe, akasema ni vya ukumbi wa harusi. Kumbe vilikuwa vya chuo cha serikali na viliibwa. Siku ya tatu polisi walifika, wakavikuta mezani vimefunguliwa matumbo, wakambeba Fundi na vikuza sauti vyake pamoja.

Sheria ya jimbo letu wakati ule ilikuwa fupi na kali. Mtu akipatikana na mali ya umma iliyoibwa, miaka ishirini. Haikuuliza alijua au hakujua, alinunua, aliiba au alikuwa anabadilisha fyuzi. Amepatikana nayo, basi.

Mimi nilimwona yule mrefu kwa macho yangu. Nilijua nikisimama kizimbani nitasema yote na Fundi atarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Nikaapa, nikajiweka sawa.

"Shahidi, vifaa hivi uliviona wapi?" akauliza yule binti wa joho.

"Niliviona vikiletwa na mtu mmoja mrefu, amevaa—"

"Nimeuliza uliviona wapi."

"Mezani kwa Fundi. Lakini aliyevileta—"

"Mheshimiwa Hakimu, naomba shahidi ajibu alichoulizwa tu."

Hakimu, bila kuacha kuandika, akasema, "Shahidi, jibu ulichoulizwa."

Damu ilinichemka mpaka masikio. Mimi, mwanamke mzima, niliyelea mtoto peke yangu na kushonea nusu ya mtaa, naambiwa ninyamaze na mtu ambaye hata pindo la joho lake limefumuka. Fundi hakuwa na wakili. Hakimu alipomuuliza kama ana swali kwa shahidi, alinitazama akatabasamu kidogo, akasema, "Sina swali, mheshimiwa. Huyu ni jirani yangu, hana ubaya." Nikashuka kizimbani na sentensi yangu imenikaa kooni. Jioni ile Fundi alipelekwa gerezani kutumikia miaka ishirini.

Mke wake alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tunakopeshana chumvi, mwavuli na siri. Kuanzia siku ile hakunisemesha tena. Alilifungua duka la mumewe kila asubuhi, akafuta vumbi kwenye redio ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, akakaa akiuza betri na balbu, na akipita mbele ya mlango wangu anatazama mbele kama askari wa gwaride. Sikumlaumu. Mdomo uliotamka "mezani kwa Fundi" ulikuwa wangu.

Mwaka na nusu ukapita. Mwanangu, ambaye ni mpiga picha za eksirei hospitalini, akaniambia amepata mchumba na Jumapili atamleta nimwone. Nikafagia, nikabadilisha mapazia, nikavaa. Mlango ukafunguliwa, akaingia yule binti wa joho. Wengine hufunga pingu za maisha. Mwanangu alikwenda kuzifunga na mwenye pingu zenyewe.

Alinitambua papo hapo. Rangi ilimtoka usoni. Mwanangu akatazama huku, akatazama kule. Mtu anayeona mifupa ya watu siku nzima hakuona kitu.

"Karibu," nikasema. "Kaa. Kabla ya chai nina sentensi yangu sikuimaliza."

Akakaa. Nikaimalizia pale pale, kuanzia kofia ya yule mrefu mpaka maneno aliyosema kuhusu ukumbi wa harusi, mpaka karatasi ya risiti ambayo Fundi alimwandikia na yule mtu akaikunja akaitia mfuko wa shati. Nilitegemea ajitetee, nimpe vidonge vyake. Hakujitetea. Alitoa kalamu kwenye mkoba wake, akamwomba mwanangu karatasi, akaandika kila neno, na kila nilipokwenda haraka alisema, "Taratibu, mama, tafadhali rudia hapo." Alipomaliza alinisomea yote kwa sauti ili nione kama ameandika sawa. Kisha akauliza, "Kwa nini jambo hili halikutajwa mahakamani?"

"Uliniambia ninyamaze."

Alikaa kimya muda mrefu. Chai ilipoa. Halafu akainuka, akatoka barazani, akagonga mlango wa mke wa Fundi. Nilimsikia kupitia ule ukuta mwembamba akisema, "Mama, mimi ndiye niliyeendesha kesi ya mume wako." Nikasikia mlango ukifungwa. Akarudi, akakaa palepale alipokuwa, akasema, "Ana haki."

Sikumpenda siku ile, nisitie chumvi. Ila nilianza kumchunga kwa jicho la pembe, na mtu ukimchunga sana mwisho unamjua.

Wiki ile ile alipeleka maelezo yangu kwa mkuu wake. Mkuu akayasoma, akamrudishia. Akamwambia maelezo ni mazuri sana na hayana kazi, kwa sababu sheria haiulizi nani alileta. Binti akamsaidia mke wa Fundi kukata rufaa kupitia wakili mwingine, maana yeye mwenyewe asingekubaliwa kamwe kuvuka ule mlango. Majaji wa rufaa wakasema hivyo hivyo kwa lugha ndefu zaidi. Hata kama hakujua, alipatikana nayo. Mkamwana akaja kwangu na nakala ya hukumu, akaiweka mezani, akasema, "Mama, hakuna mlango uliobaki mahakamani. Kilichobaki ni kubadilisha sheria yenyewe."

"Na sheria inabadilishwa wapi?"

"Bungeni."

"Basi nenda," nikasema, kama vile namtuma dukani.

Hakwenda siku ile. Kwanza walioana, nikamkatia joho lake upya mabegani kwa sababu nilishindwa kuvumilia. Kisha akafanya kazi ya mashtaka miaka mitano mingine, na hapa lazima nijivune kidogo. Mkuu wa bohari ya hospitali alikuwa anauza dawa za wagonjwa kwa mlango wa nyuma. Watu walikuwa wanamwogopa kama radi. Mashahidi walianza kupotea mmoja mmoja. Mkamwana wangu aliwafuata nyumbani kwao kwa miguu, akakaa sebuleni kwao, akawaacha waseme mpaka wachoke, hata habari za mbuzi zao. Mahakamani hakumkatisha shahidi hata mmoja. Hakimu alimwambia anapoteza muda wa mahakama, naye akajibu kwamba muda wa mahakama ni wa mashahidi. Yule mkubwa alifungwa. Mtaani watu waliokuwa wakinipita walianza kunisalimia kwa heshima mpya, na mimi nikaipokea bila aibu.

Alipotangaza kugombea, nilidhani watamla mzima mzima. Sisemi lile Bunge kubwa la taifa linaloonekana kwenye televisheni kila jioni. Nasema Bunge la jimbo letu, lenye viti sitini na kimoja na lifti isiyopanda. Mpinzani wake alipita akiwaambia watu, "Mkimchagua huyu atawafunga wote." Yeye akasimama sokoni, juu ya kreti la soda, akajibu, "Wenye sababu ya kuogopa wanajijua. Nyinyi wengine njooni niwasomee sheria zenu." Na kweli akawasomea. Alichukua kitabu cha sheria za jimbo akawa anasoma kifungu kimoja kila Jumamosi, na watu wakisema hawakielewi anaandika pembeni. Wengi walikuja kucheka, wakabaki. Nilimshonea suti ya bluu ya kampeni, na nilipoona picha yake kwenye nguzo ya umeme nilitazama kola kwanza, halafu ndipo nikatazama uso. Kola ilikaa vizuri.

Alishinda kwa kura chache, lakini alishinda.

Siku yake ya kwanza kuchangia alisimama, akakohoa, akasema kwa sauti kubwa, "Mheshimiwa Hakimu." Bunge zima likavunjika mbavu. Spika, mzee mwenye utani, akamwambia, "Mheshimiwa, sijafikia kukuhukumu bado, endelea." Nyumbani mwanangu alimtania wiki nzima, akiombwa apitishe sukari anasema, "Mheshimiwa Hakimu, sukari hii hapa." Yeye akacheka nasi, kisha akarudi kwenye karatasi zake.

Na karatasi hizo ndizo nataka kuzieleza, maana watu wanadhani mbunge kazi yake ni kusema. Mkamwana wangu kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti. Aliitoa mahakamani. Kule, hati ya mashtaka haisomwi kimoyomoyo. Mshtakiwa lazima asomewe neno kwa neno, kwa lugha anayoielewa, aulizwe ameelewa au hakuelewa. Asipoelewa, kesi haianzi. Yeye akasema sheria nayo ni vivyo hivyo, tofauti yake ni kwamba washtakiwa bado hawajulikani. Kwa hiyo kila muswada uliofika mikononi mwake alikuja nao dukani kwangu Jumamosi asubuhi, akavuta kigoda karibu na cherehani, akanisomea mwanzo mpaka mwisho. Mimi shule niliiacha mapema. Akifika mahali nikisimamisha mguu kwenye kanyagio, anajua sikuelewa, anaweka alama. Nimesomewa sheria ya visima, sheria ya mabango, sheria ya leseni za vinyozi. Nadhani hakuna fundi cherehani duniani anayejua habari za leseni za vinyozi kunizidi.

Muswada wake mwenyewe, ule alioingilia Bungeni, ulimchukua miaka minne. Ulisema hivi kwa kifupi: mtu hatafungwa kwa kukutwa na mali ya umma mpaka ithibitishwe kwamba alijua imeibwa. Na kifungu cha tisa kilikuwa kwa ajili ya waliokwisha kufungwa. Kilisema kwamba mtu yeyote aliyepatikana au atakayepatikana na hatia chini ya sheria ya zamani ana haki ya kuomba kesi yake isikilizwe upya. Wakati huo Fundi alikuwa ametimiza miaka kumi na moja ndani. Bila kifungu cha tisa alikuwa amebakiza tisa, na mkewe alikuwa ameanza kukohoa.

Jumamosi kabla ya kura alikuja na nakala iliyochapishwa baada ya kutoka kwenye kamati. Alikuwa amechoka, macho mekundu, lakini ana furaha. Akaanza kusoma. Nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya mteja, nasikiliza kwa sikio moja, maana kifungu cha tisa nilikwisha kukisikia mara kumi.

"Mtu yeyote atakayepatikana na hatia chini ya sheria ya zamani, ana haki ya kuomba—"

Mguu ukasimama.

"Mama, umekisikia mara nyingi hiki."

"Rudia."

Akarudia.

"Mbona kinasema atakayepatikana?" nikauliza. "Fundi alishapatikana zamani."

Akaitazama karatasi. Akaisogeza karibu na uso kama mtu anayetafuta mwiba kidoleni. Maneno mawili hayakuwepo: "aliyepatikana au." Kifungu kilikuwa kimebaki kizuri, kimenyooka, kinasomeka vizuri kuliko mwanzo, na kilikuwa hakimtoi mtu hata mmoja gerezani. Yeye mwenyewe alikipitia mara mbili ofisini, kimoyomoyo kwa kuwa alikuwa na haraka, na jicho lilisoma lile lililolizoea.

Alimpigia simu mwenyekiti wa kamati palepale. Niliisikia sauti ya yule bwana ikitoka kwenye simu, laini kama ya mtu anayekula. Akasema kamati iliondoa maneno yaliyorudiwa ili kifungu kiwe kifupi. Akasema maana ni ile ile. Mkamwana akamwambia maana si ile ile, lile moja ni la waliokwisha kufungwa na hili ni la watakaokuja. Bwana akasema, "Mheshimiwa, gerezani kuna watu zaidi ya mia wa sheria ile. Unataka wote warudi mahakamani kwa wakati mmoja? Chukua ulichopewa." Akakata.

"Utachukua?" nikamuuliza.

"Nitaleta hoja ya kurudisha neno," akasema. "Jumanne."

Jumanne nilifunga duka. Nilikaa kwenye viti vya wageni, ghorofani, nimevaa kitambaa changu kizuri, na askari wa Bunge akatuonya kwamba huku juu hakuna kupiga makofi wala kusema neno. Akanitazama mimi zaidi ya wengine, sijui kwa nini. Nilipogeuka nikamwona jirani yangu, mke wa Fundi, amekaa mwisho wa safu ya nyuma, mkoba umemkaa magotini. Hakuniangalia.

Mkamwana alisimama akaeleza hoja yake kwa dakika nne. Neno moja na kiunganishi chake. Akaeleza tofauti ya "aliye" na "atakaye" kama mwalimu wa darasa la kwanza, na baadhi ya wabunge wakaanza kucheka chinichini kwamba leo Bunge limegeuka somo la vitenzi. Kisha mwenyekiti wa kamati akasimama. Alikuwa ameshika faili la kahawia, kuukuu, lenye kamba. Nililijua faili lile kabla hajalifungua.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "mwenzetu anatulilia juu ya mtengeneza redio mmoja. Tumeangalia kumbukumbu za mahakama. Nani alimshtaki mtengeneza redio huyu? Nani aliomba atiwe hatiani? Sahihi iko hapa. Ni yeye mwenyewe mtoa hoja. Leo anataka Bunge zima limsafishe mikono."

Nilishika reli ya mbele yangu mpaka vidole vikauma. Nilikuwa na mengi ya kusema. Ningeweza kusema juu ya maelezo aliyoyaandika sebuleni kwangu, juu ya rufaa, juu ya mlango aliofungiwa. Askari wa Bunge akanisogelea hatua moja, nikameza mate.

Mkamwana wangu akasimama. Suti yake ilikuwa kijivu, nimeishona mimi. Hakutazama karatasi.

"Mheshimiwa Spika, ni kweli. Nilimshtaki mimi. Ilikuwa kesi yangu ya kwanza kuendesha peke yangu. Nilileta mashahidi wanne. Shahidi wa tatu alitaka kuiambia mahakama nani alileta vile vifaa, nikamkatisha, kwa sababu sheria haikunihitaji nijue. Alijaribu mara mbili, nikamkatisha mara mbili. Hukumu iliposomwa nilifurahi. Nilimpigia mama yangu simu kumwambia nimeshinda. Shahidi yule amekaa pale juu leo. Sasa ni mama mkwe wangu, na namshukuru Mungu kwamba tangu hapo sijaweza kumkatisha hata mara moja."

Kicheko kikapita, kidogo, kisha kikafa chenyewe. Nililia. Sioni haya kulisema. Nililia kwa sababu kwa miaka kumi na moja nilikuwa nadhani sentensi ile imenikaa kooni peke yangu, kumbe na yeye alikuwa nayo.

"Mwenyekiti anasema nataka kusafishwa," akaendelea. "Sisafishiki. Miaka aliyofungwa amefungwa, na kumbukumbu zibaki na jina langu. Lakini kifungu hiki kikisema 'atakayepatikana' tu, Bunge linasema kosa letu linaanza kesho asubuhi. Langu mimi ni la miaka kumi na moja iliyopita. Naomba neno linalofika kule. Niliitumia sheria hii, waheshimiwa, na ilinifanyia kazi vizuri sana. Hicho ndicho kinachonitisha."

Akakaa.

Spika akauliza wanaoafiki waseme ndiyo, na wasioafiki waseme siyo. Sauti zikalingana. Akaamuru majina yaitwe. Nilihesabu kwa vidole, nikapotea, nikaanza upya. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, ambaye alicheka kuliko wote wakati wa somo la vitenzi, alipoitwa alikaa kimya mpaka karani akarudia jina lake, ndipo akasema ndiyo kwa sauti ya mtu anayemeza dawa. Mwisho karani akasoma: ndiyo thelathini na mbili, siyo ishirini na tisa. Neno likarudi.

Nikapiga makofi. Askari akanitoa nje, na nikatoka kichwa juu kama bibi harusi. Nilipofika kwenye ngazi nilimtafuta jirani yangu. Alikuwa amekwisha kuondoka.

Magazeti ya jimbo yakambatiza mkamwana wangu Mheshimiwa Kitenzi. Walidhani wanamtania. Nilikata kila ukurasa nikabandika dukani, juu ya kioo cha kujaribia nguo, ili mteja yeyote akijitazama amwone na yeye.

Kesi ya Fundi ilisikilizwa upya, ya kwanza kabisa chini ya kifungu cha tisa. Mkamwana hakuruhusiwa kukaribia, naye hakujaribu. Mimi niliitwa. Nilisimama kwenye kizimba kilekile, wakili akaniuliza nani alileta vifaa, nikasema yote mpaka kofia. Hakuna aliyenikatisha. Mahakama ikasema hati ya kumwachia itatoka baada ya taratibu za gereza, na taratibu za gereza nazo zikachukua wakati wake.

Jumamosi moja mkamwana alikuwa dukani ananisomea muswada wa taka, mlango ukafunikwa na kivuli. Alikuwa jirani yangu. Amesimama kizingitini na suruali ya kitambaa cheusi mkononi, ya zamani, imepigwa pasi.

"Habari za kazi," akasema.

"Nzuri," nikasema. Miaka kumi na moja, na hilo tu ndilo lililonitoka.

Akaiweka suruali juu ya cherehani. "Anatoka Alhamisi. Ipunguze kiuno."

"Kiasi gani?"

"Sijui." Akafuta jicho kwa haraka, kama limeingia mdudu. "Namwona kupitia wavu. Ananionyesha uso tu."

Mkamwana wangu alikuwa amesimama, karatasi za taka zimemwangukia miguuni. "Inchi nne," akasema. "Juzi nilimpelekea hati ya kutoka, wabunge wanaruhusiwa kuingia mpaka ndani. Suruali ya gereza ameikunja hapa, na hapa." Akaonyesha kwenye kiuno chake mwenyewe kwa vidole viwili. Nikachukua futi nikapima kati ya vidole vyake. Zilikuwa inchi nne kamili.

Jirani akamtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mlango. "Alisema nini?"

"Alisema nikikuona nikuambie usipike chakula kingi. Tumbo limekuwa dogo." Akasita. "Nilimwomba msamaha. Akaniambia nije kuuomba kwako."

Nilijifanya natafuta chaki. Kwa umri wangu nimeona watu wakiapishwa, wakivishwa mataji ya maua, wakipokewa na bendi; sijawahi kumwonea mtu fahari kama nilivyomwonea huyu mtoto aliyesimama dukani kwangu bila joho wala kiti cha Bunge, mikono imening'inia, akingoja.

"Alhamisi," jirani akasema hatimaye, "gereza linafungua saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Basi uje unichukue wewe mwenyewe, na hilo gari lako lenye kibandiko cha Bunge. Walinzi wa lile lango wamenisimamisha juani miaka kumi na moja. Nataka wanione nimeshuka na nani."

"Nitakuja saa moja," akasema mkamwana wangu, na ile sauti yake inayofika mpaka viti vya wageni haikutoka sawasawa.